Rupia Iliyochunwa Ngozi

Haya yote ni kweli tupu, kuanzia neno hili la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Anayetaka kubisha apande Mwanda akaulize, au ashuke Voi kwenye duka la Badawy, pale penye baraza ya magunia ya chumvi, atatajiwa mpaka siku: Jumanne, mwezi wa nane, mwaka wa tisini na tano. Na kama humu ndani mna uongo, basi ni wa Silvanus, si wa kisa.

Silvanus Mwakio alikuwa amepeperusha bendera za reli kwa miaka thelathini na moja pale stesheni ya Voi, nyekundu simama, kijani nenda, na alipostaafu akapewa kiinua mgongo, cheti, na mkono wa kwaheri. Akarudi kwao Mwanda, juu milimani, akajijengea nyumba ya vyumba viwili na banda la kuku. Zile pesa zilizobaki hakuziweka benki. Alikuwa ameona bei ya sukari ikipanda mara mbili kabla mwaka haujaisha, akakata shauri kwamba noti ni kama umande: jua likichomoza, huuoni tena. Sarafu za zamani ndizo mali. Akawa anatembea Taveta, Mboghoni na Salaita akinunua rupia za Bara Hindi, rupia za Mjerumani, shilingi za Mfalme Joji, hata zile senti za tundu ambazo watoto walikuwa wakizitunga uzi. Zote aliziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo likakaa chini ya kitanda.

“Ngojeni mwaka elfu mbili ufike,” alikuwa akiwaambia watu. “Mtakuja kwangu mmepiga magoti, na mimi nitawauliza, ni nani wewe?”

Kila sarafu ilikuwa na hadithi yake. Moja ilimezwa na mamba wa Mto Tsavo, ikatapikwa Jumapili asubuhi watu wakienda kanisani. Nyingine ilizuia risasi kwenye kifua cha askari, na ukiitazama vizuri utaona pale risasi ilipojikuna. Watu walicheka, wakamnunulia chai, lakini sarafu hawakununua. Badawy ndiye aliyekuwa na mizani ya kupimia fedha nyuma ya duka, maana wajomba zake wa Mombasa walikuwa masonara, wakiyeyusha rupia na kufua bangili. Yeye alimwambia mara nyingi, “Mzee Silva, hadithi haipandi mizani.”

Basi Jumanne ile Silvanus alikuwa ameketi barazani na rupia moja mkononi, mfukoni ana shilingi arobaini, ndipo Alice akatokea upande wa soko la mifugo. Alice alikuwa mke wa marehemu ndugu yake, mama wa makamo, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Alikuwa ameuza ndume wake wa pekee. Pesa zilikuwa kwenye pindo la leso, na pindo lilikuwa kwenye ngumi.

“Umepata ngapi, shemeji?” Silvanus akauliza.

“Elfu sita.”

“Mungu amekuona.”

“Ameniona nusu,” Alice akasema, akaketi juu ya gunia. “Ule upepo wa mwezi wa nne uliondoka na paa lote, unajua. Fundi anataka mabati arobaini na manane. Bati ni mia mbili na hamsini. Hii inanunua ishirini na nne. Nusu ya nyumba. Hiyo nusu nyingine nijifunike leso? Na mvua za vuli ndizo hizo zinakuja, na mimi bado nalala jikoni na mbuzi, chini ya nyasi zinazovuja.”

Silvanus alimhurumia, kwa dhati kabisa. Hilo liandikwe. Alimwonea huruma, kisha kwa mkono ule ule wa huruma akainyanyua rupia.

“Unamwona huyu? Huyu ni mfalme wa Wajerumani, mtazame na kofia yake yenye tai kichwani. Alice, pale kilima cha Salaita, vita vya kwanza, babu yetu alikuwa mpishi wa afisa mmoja wa Kijerumani—”

“Wiki jana alikuwa bawabu,” Badawy akasema kutoka ndani, akipima mchele.

“Alianza ubawabu akapandishwa cheo! Badawy, pima mchele wako.” Akamgeukia Alice. “Siku mizinga ilipokilalia kile kilima, yule afisa akamwita babu. Akamwambia, mpishi, mimi sitaiona jioni, lakini maharagwe yako yalikuwa matamu. Akamwekea hii kiganjani. Ziko sita tu duniani, shemeji. Tatu ziko Ujerumani ndani ya kioo, mbili zilizama na meli. Ya sita unaiona.”

Alice alicheka kidogo, lakini macho yake hayakutoka kwenye rupia. “Mbona nyeusi hivyo, kama imetoka chini ya chungu?”

Hapo Silvanus hakuwa amejiandaa. Lakini maneno kwake hayakuhitaji kuandaliwa. Yalikuja yenyewe, kama siafu.

“Ni uvivu wangu. Babu alikuwa anaisugua kila Jumamosi kwa jivu na ndimu. Ilikuwa inang'aa mpaka unajionea meno. Ndiyo nguvu yake hiyo, isuguliwe.”

“Na inauzwa ngapi?”

“Mwezi wa kumi anakuja Abdulbasit, binamu yake Badawy, kutoka Mombasa. Yeye hununua vitu vya kale kuwauzia matajiri. Kule Taveta alimpa mtu elfu tisa kwa rupia moja tu. Hii ukimpelekea, hakupi chini ya elfu kumi na mbili. Mabati arobaini na manane, shemeji, na mvua haijanyesha. Mimi nakuachia kwa hizo elfu sita, maana mfuko wangu hauwezi kungoja mpaka huo mwezi.”

Badawy alitoka mlangoni, akajipangusa mikono, akamtazama Silvanus. “Binamu yangu ni mtu mgumu,” alisema tu. “Mama, fikiri kwanza.”

Alice alifikiri. Kisha akamtazama shemeji yake usoni. “Ni kweli?”

Kuna njia nyingi za kujibu swali hilo, na Silvanus alizijua zote. Habari ya Abdulbasit na ile elfu tisa ilikuwa kweli, na rupia yenyewe aliiona njema, tena moyoni aliamini kabisa kwamba ingepanda. Ni babu tu, na afisa, na maharagwe, vilivyokuwa nakshi. Lakini zaidi ya hayo, tangu astaafu hakuna mtu aliyekuwa amemtazama namna ile, kama mtu anayengojea bendera yake kabla hajasogea.

“Kweli tupu,” akasema. Bendera ya kijani.

Alice akafungua pindo. Siku ya pili yake Silvanus alikuwa Taveta, na kabla wiki haijaisha elfu sita zote zilikuwa zimegeuka rupia na shilingi za Joji, na kopo lilikuwa limejaa mpaka halifungi.

Mwezi wa kumi Abdulbasit akaja kweli. Alikuwa mtu mwembamba, kanzu nyeupe, kikoba cha ngozi, na kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni. Aliketi nyuma ya duka la Badawy akawasikiliza wenye mali mmoja mmoja. Alice alikuwa ametoka Mwanda alfajiri, juu ya lori la kabichi, amevaa gauni lake la kanisani. Silvanus alisimama nyuma yake, mikono nyuma, kama baba wa bibi harusi.

Alice akafungua kitambaa. Rupia ilitoka ikimeta. Ilimeta kama kijiko cha harusi. Mfalme alikuwa anang'aa, tai anang'aa, hata ukingo ulikuwa unang'aa.

Abdulbasit aliitia chini ya kioo, akageuza, akageuza tena. Akasoma mwaka. Mkono wake ukatulia. Halafu akavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga mwiba.

“Nani aliyeisugua hii?”

“Ni mimi,” Alice akasema kwa fahari. “Jivu na ndimu. Kila Jumamosi. Sijakosa hata moja.”

“Lahaula,” Abdulbasit akasema taratibu. “Mama, umeichuna ngozi.”

“Nimeisafisha.”

“Ndiyo. Ule weusi ulikuwa ndio ngozi yake, mama. Imeiotesha kwa miaka themanini. Mnunuzi wangu analipia ule weusi. Anataka kuona kwamba hakuna mkono uliokwangua. Hii sasa…” Akaiweka mezani kwa upole, kama mtu anayelaza maiti. “Rupia zenye mwaka huu ulioandikwa hapa si nyingi. Sikufichi. Ungeniletea kama ilivyotoka ardhini, ningekupa elfu kumi na mbili, tena nikakushukuru. Sasa nitakupa mia nane, na hizo nakupa kwa sababu umetoka mbali.”

Silvanus aliposikia elfu kumi na mbili, moyo wake uliruka kwa furaha kabla akili haijaufikia. Alikuwa amesema! Elfu kumi na mbili kamili! Kwa mara ya kwanza maishani hadithi yake ilikuwa imetokea kuwa kweli. Halafu akili ikafika.

“Lakini shemeji ndiye aliyeniambia,” Alice alikuwa anasema. “Babu yao alikuwa anaisugua hivyo hivyo tangu vita. Ndiyo nguvu yake.”

Watu wote nyuma ya duka wakamgeukia Silvanus.

“Babu alikuwa… alikuwa na mkono mwepesi,” Silvanus akasema.

Abdulbasit akatabasamu bila kupenda. “Mzee wangu, ingesuguliwa kwa jivu tangu vita, mfalme huyu asingebaki na pua. Pua hiyo hapo, nzima. Hii imesuguliwa miezi miwili tu.”

Alice hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtia Silvanus baridi. Aliichukua rupia, akakataa zile mia nane, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kungojea lori. Silvanus alipanda lori lile lile, na mpaka Mwanda wanafika alikuwa ameeleza habari za kabichi, za barabara, na za mvua, na hakuna aliyemjibu ila dereva.

Mvua za vuli zikaja. Silvanus akiwa kitandani alisikia maji yakipiga paa lake mwenyewe, akajua kwamba mita hamsini chini ya shamba yanapiga godoro la mtu. Siku ya tatu akashikwa na kwikwi. Kwikwi za kawaida huchukua dakika tano. Hizi zilichukua siku mbili, na ubaya wake ni kwamba zilimkata katikati ya kila sentensi, hata akawa hawezi kusimulia chochote. Zilikoma zenyewe, bila dawa. Lakini kuku wawili wakafa wiki hiyo hiyo, na hapo dada yake mkubwa, Priscilla, akatuma salamu: njoo kesho asubuhi, na usije na maneno mengi.

Priscilla alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani, na wa kwanza kukaa kiti cha mbele. Lakini yako mambo ambayo Mdawida, yaani Mtaita wa milimani, hayapeleki kwa pasta. Hasira ya mtu wa nyumba moja si maneno tu. Ikikaa moyoni mwake inatembea, inaingia kwa kuku, kwa ng'ombe, kwa mtoto. Sharti itemwe. Aliyekasirika anasema lililomuuma, anatia kinywaji mdomoni, anakipuliza chini kwa rasharasha, na hasira inatoka nacho. Kutasa, ndivyo wazee walivyoita. Basi Priscilla alikuwa ameazima mbangara kwa jirani, ile pombe ya miwa, akaificha ndani ya birika la chai ili mtu akipita aone chai.

Walikaa watatu tu. Silvanus alikuwa amekuja na kopo lake chini ya koti, bila kujua vizuri kwa nini.

“Alice,” Priscilla akasema, “toa lililo moyoni.”

“Nimelowa,” Alice akasema. “Hilo tu. Nimelowa, na aliyenilowesha ni mtu niliyemwamini.”

Akainua kikombe, akajaza mdomo. Mashavu yakavimba. Akainama kupuliza, halafu akasita. Akanyoosha kidole kuelekea kwa Silvanus, kisha kwenye mdomo wake mwenyewe, akatikisa kichwa.

“Hawezi,” Priscilla akafasiri. “Bado ina mizizi. Mpaka wewe useme ukweli. Na usimcheleweshe, maana akimeza, hasira imemezwa pamoja nayo, na hiyo hatutaipata tena.”

Silvanus akakohoa. “Dada, jambo hili lilianza zamani. Pale Salaita, babu yetu alipokuwa mpishi wa—”

“Babu yetu?” Priscilla akashtuka. “Babu yetu yupi? Babu yetu aliogopa tambarare kama kifo! Alisema hewa ya chini ina homa. Maisha yake yote hakushuka chini ya soko la Wundanyi. Na kupika! Huyo mzee hakujua hata kuchemsha maji!”

Mashavu ya Alice yalitetemeka. Haikujulikana kama ni kicheko au kilio, lakini tone moja lilitoroka pembeni ya mdomo. Macho yalianza kumtoka.

“Silvanus!”

“Basi labda si babu, ni ndugu ya babu—”

Alice akapiga paja kwa kiganja. Koo lilifanya kama linataka kumeza.

Na hapo Silvanus akaogopa kwelikweli. Aliwaza ile hasira ikishuka tumboni mwa shemeji yake na kukaa huko mpaka mmoja wao azikwe. Akafumba macho.

“Nilinunua kwa Musyimi, mchoma makaa wa Salaita,” akasema kwa pumzi moja. “Aliipata akichimba shimo la makaa. Shilingi mia tatu na hamsini. Hakuna afisa. Hakuna maharagwe. Jivu na ndimu nilivitunga pale pale barazani, kwa sababu uliniuliza na sikutaka kusema sijui. Pesa zako nilinunulia hizi.” Akalitoa kopo chini ya koti, akaliweka miguuni pa Alice. “Chukua.”

Alishangaa jinsi ukweli ulivyokuwa mfupi. Ungeweza kuuandika kwenye tiketi.

Alice akapuliza. Ilitoka kama mvua ya mawe, ikatawanyika sakafuni, juu ya kopo, na nyingi juu ya viatu vya Silvanus. Akapumua, akafuta kidevu kwa upande wa mkono, akasema ile sentensi inayopaswa kusemwa, kwamba kilichokuwa moyoni kimetoka, nyumba ipate amani.

Silvanus akanyanyuka, uso umekunjuka. “Basi yamekwisha!”

“Hasira imekwisha,” Alice akasema. “Mabati bado.”

Siku iliyofuata walishuka Voi wote wawili. Badawy alitandaza kitambaa, akamimina kopo. Akazitenga shaba upande, fedha upande. Zile shilingi za Joji aliziangalia, akaguna kwamba fedha yake imechanganywa sana, akaziweka rundo la tatu. Kisha akaanza kupima. Kila alipoinua moja, Silvanus alifungua mdomo; ile ya mamba, ile ya risasi; na kila mara aliufunga tena. Badawy aliona. Alipofika kwenye ile ya risasi, aliisitisha hewani.

“Ukitaka kuaga, aga,” akamwambia kwa upole.

“Pima tu,” Silvanus akasema.

Ilifika elfu nne na mia tano. Badawy alihesabu noti, akampa Alice moja kwa moja mkononi, bila kuzipitisha kwa mzee, na Silvanus hakukasirika. Ilikuwa ni mabati kumi na manane, kati ya yale ishirini na nne ya ndume. Walipakia kwenye lori jioni ile ile.

“Bado sita,” Alice akasema njiani. Lori lilikuwa linapanda polepole, na mabati yalikuwa yanalia kila kona.

“Nitakupa, shemeji. Mwisho wa mwezi, pensheni ikitoka.”

“Pensheni yako najua inavyotoka. Inatoka kama kobe.” Akayashika mabati yasiteleze. “Lile banda lako la kuku, uliliezeka lini?”

Silvanus akatazama upande wa korongo. “Zamani. Mabati mabovu yale, yana matundu. Nayo ni manne tu.”

“Manne.”

“Manne. Labda na kipande.”

“Shemeji,” Alice akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi sauti yake ilikuwa na kitu kama kicheko ndani yake, “mimi nimelala jikoni kwangu bila mlango miezi saba. Usiku sina cha kutazama ila banda lako likimeta kwa mbalamwezi. Nimeyahesabu mpaka misumari. Ni sita, mapya, na hata moja halina tundu.”

Dereva alicheka mpaka akakosea gia.

Asubuhi Silvanus akawafukuza kuku, akaegemeza ngazi, akapanda na nyundo ya kung'olea misumari. Alice alisimama chini amenyoosha ile mikono yake mikubwa. La kwanza likashuka, la pili, la tatu, la nne. Alipofika hapo alipumzika kidogo, akapangusa jasho, akatazama chini kuona kama labda yatatosha.

“Mawili,” Alice akasema.

Akayateremsha. Usiku ule kuku kumi na mmoja walilala sebuleni kwake, na jogoo alichagua kiti cha mgeni.